Kukutwa na Kingamwili Siyo Kupona

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, wilayani Mufindi)



Nashukuru kuwaona wengi namna hii, ingawa huu ni wakati wa palizi, na ukungu wa leo asubuhi ulikuwa mzito hata pikipiki nimeisukuma zaidi ya kuipanda. Mwenyekiti wa darasa aliniomba nizungumze habari za chembe nyeupe za damu. Nilikubali kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza mnaijua. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, wanne hivi wanaishi na virusi vya UKIMWI, yaani VVU. Huku kwetu hesabu ni nyingine. Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa ndani ya mkoa wetu wa Iringa, ni 12 hadi 13 katika kila 100. Iringa ni 11. Mbeya ni tisa hadi 10. Kwa hiyo katika chumba hiki tusizungumze kana kwamba tunawasema watu wa mbali.

Sababu ya pili ni ya aibu kidogo, nami nitaisema wazi maana kosa ni langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilifundisha somo la chanjo katika darasa moja la kisomo, siyo hili. Niliandika ubaoni hivi: "Kingamwili ni kinga. Mwenye kingamwili za ugonjwa fulani, ugonjwa huo haumpati." Nilikuwa nazungumzia surua, na kwa surua maneno yale ni sawa. Wanakisomo wakanakili. Mmoja wao, baba wa makamo anayepasua mbao, alikwenda kupima miezi kadhaa baadaye. Akaelezwa kwamba kipimo kimeonyesha kingamwili za VVU katika damu yake. Katika maelezo yote yale, neno alilolijua lilikuwa moja tu, kingamwili. Alipofika nyumbani alifungua daftari lake, akasoma nilichomwandikia, akamwambia mkewe kwamba wamshukuru Mungu, yeye ana kinga.

Hakurudi kliniki. Karibu mwaka mzima ukapita. Aliporudi alikuwa amebebwa, ana kifua kikuu, na suruali imefungwa kwa kamba. Alitibiwa kifua kikuu kikaisha, akaanza dawa za kufubaza virusi, na leo anapasua mbao kama zamani. Ameniruhusu niyasimulie haya bila kumtaja jina. Lakini mkewe naye alipopimwa alikutwa na VVU. Kama alikuwa navyo tangu awali, au alivipata katika mwaka ule, hakuna ajuaye. Nami hulifikiria jambo hilo kila ninaposhika chaki.

Basi leo naufuta ule ubao na kuandika upya. Mimi si daktari, ni mwalimu niliyetoka chuo cha ualimu. Ila safari hii nimekaa na mganga wa zahanati siku mbili kabla ya kuja, na kila nitakalosema nimemsomea kwanza.

Tuanze na damu. Chukueni tone dogo kabisa, dogo kama kichwa cha pini. Ndani ya tone hilo mna chembe nyekundu kiasi cha milioni tano. Hizo kazi yake ni kubeba hewa safi na kuipeleka mwilini. Katika tone hilohilo, chembe nyeupe ni 4,000 hadi 11,000 tu. Mnaona zilivyo chache. Lakini hizo chache ndizo mgambo wa mwili. Huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, huo mafuta tunaounyonya kwenye mfupa wa ng'ombe siku za sikukuu, na nyingine hukaa kambini katika tezi. Mtoto akipata kidonda mguuni, tezi za kwenye kinena huvimba tukasema ana mitoki. Pale kambini mgambo wameongezeka, wanajiandaa.

Chembe nyeupe ni za aina nyingi na kila aina ina kazi yake. Ziko zinazokimbilia mahali palipochomwa mwiba, zikawameza wadudu wa ugonjwa, zikafa nao. Ule usaha mnaouona kwenye jipu, sehemu kubwa ni maiti za chembe hizo. Aina nyingine hutengeneza silaha. Silaha hiyo ndiyo kingamwili.

Kingamwili siyo chembe hai. Ni kitu kidogo mno kilichotengenezwa na chembe, na umbo lake ni kama panda ya manati. Zile ncha mbili za juu zimechongwa kushika kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Kingamwili ya surua hushika kirusi cha surua, ya pepopunda haiwezi kumsaidia mtu kwa surua. Ikimshika adui humfunika asiweze kuingia ndani ya chembe za mwili, tena humtia alama ili wale walaji wamwone na kumla. Mtu akiugua surua mara moja haugui tena, kwa sababu mwili huweka kumbukumbu ya ufunguo ule miaka mingi. Na chanjo ni namna ya kuufundisha mwili kuchonga ufunguo kabla adui hajafika. Mpaka hapa niliyoyaandika ubaoni siku ile yalikuwa sawa.

Sasa tuje kwa VVU.

Katika mgambo wa mwili kuna aina moja ya chembe nyeupe ambayo yenyewe haili wadudu wala haichongi funguo. Kazi yake ni kupiga filimbi. Inapoona adui inawaita walaji, inawaamuru wachonga funguo waanze kuchonga, inawaambia wapi pa kwenda na lini waache. Wataalamu wanaziita chembe za CD4. Hilo ni jina la kitaalamu tu, mlichukulie kama namba ya usajili wa pikipiki. Mtu mzima mwenye afya anazo 500 hadi 1,500 katika lile tone la kichwa cha pini.

Virusi vingi huingia mwilini vikatafuta pua, au ini, au utumbo. VVU vinamtafuta mpiga filimbi mwenyewe. Kirusi hukamata mlango wake, kikaingia nyumbani mwake, kikajinakili ndani ya kitabu cha urithi cha chembe ile, na kuanzia hapo nyumba ya mpiga filimbi hugeuka kiwanda cha kutengeneza virusi vingine. Chembe hufa, virusi hutoka kutafuta nyumba nyingine. Kwa mtu asiyetumia dawa, virusi vipya huzaliwa kwa mabilioni kila siku. Mwili nao huzaa chembe mpya za CD4 kwa wingi, na vita hiyo huweza kuendelea miaka minane, hata 10, mtu akilima, akioa, akizaa, asijue lolote. Lakini kidogo kidogo hesabu inashuka. Ikifika chini ya 200 filimbi haisikiki tena. Walaji wapo, wachonga funguo wapo, wamekaa tu, hakuna anayewaita.

Hapo ndipo magonjwa ambayo mtu mzima angeyashinda bila hata kujua yanapopata nafasi. Kifua kikuu kilicholala mapafuni tangu utotoni kinaamka. Utando mweupe unajaa mdomoni. Mkanda wa jeshi unazunguka ubavu. Kuna ukungu, yaani fangasi, ambao huelea hewani na sisi sote huuvuta. Kwa mtu huyu unaweza kuingia hadi kwenye utando wa ubongo, kichwa kikauma wiki nzima, shingo ikakaza. Watu hufa kwa magonjwa hayo, na ndiyo maana mmesikia ikisemwa kwamba UKIMWI ni upungufu wa kinga.

VVU si sababu pekee ya kinga kupungua. Mtoto mwenye utapiamlo mkali kinga yake hupungua. Mgonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa, hali kadhalika. Na wako watoto wachache wanaozaliwa na kasoro katika chembe zao nyeupe. Lakini kwa mikoa yetu hii, VVU ndiyo habari kubwa.

Sasa nirudi kwa kosa langu. Mtu mwenye VVU mwili wake unatengeneza kingamwili za VVU, tena kwa wingi. Kwa nini basi hazimponyi?

Nitawapa mfano wa darasani. Nikimpa mwanakisomo wa kwanza barua ainakili, wa pili anakili ya wa kwanza, wa tatu anakili ya wa pili, mpaka ifike kwa mama aliyekaa pale mlangoni, barua itakuwa ile ile? Haiwezi. Huyu ataruka herufi, yule ataandika "r" mahali pa "l", nanyi mnajua wenyewe. VVU ni mnakili mbaya kuliko sisi sote. Kila kinapojinakili kinakosea, na katika mabilioni ya nakili za siku moja wanazaliwa virusi wenye sura tofauti. Mwili unachonga ufunguo kwa sura ya leo, na ufunguo ukiwa tayari kufuli limeshabadilika. Juu ya hayo, gamba la kirusi limefunikwa na vitu vya sukari sukari ambavyo kingamwili hupata shida kuvipenya. Na kile kirusi kilichojiandika ndani ya chembe iliyolala, kingamwili haikioni kabisa, maana yenyewe inafanya doria nje, haiingii nyumbani.

Kwa hiyo kingamwili za VVU kwenye damu ni kama nyayo za mwizi kwenye tope. Zinakuonyesha mwizi kaingia. Hazimkamati. Vipimo vyetu vya haraka vya zahanati havitafuti kirusi chenyewe, vinatafuta zile nyayo, kwa sababu ni rahisi kuziona. Lau ningaliandika maneno hayo ubaoni siku ile!

Mambo haya wataalamu hawakuyasoma Ulaya tu. Kuanzia mwaka 2000, huko Mbeya, akina mama na wasichana 600 waliokuwa wakifanya kazi katika baa za pembeni mwa barabara kuu walikubali kufuatiliwa na watafiti kwa miaka kadhaa. Barabara hiyo ni ile ile inayopita hapa Mafinga kwenda Tunduma. Iligunduliwa kwamba mkoani mle zinazunguka aina tatu za VVU pamoja, na aina nyingine ambazo ni mchanganyiko, na kwamba wapo wanawake waliokuwa na virusi zaidi ya aina moja kwa wakati mmoja. Maana yake ni nini? Ni kwamba hata mtu ambaye tayari ana VVU na kingamwili zake anaweza kuambukizwa VVU vingine juu yake. Kingamwili za kwanza hazikumlinda. Ningependa siku moja watu wa mikoa hii wajue jinsi tunavyowiwa na wanawake wale, ambao huko mitaani wengi waliwaita majina mabaya.

Chanjo nayo imejaribiwa Mbeya zaidi ya mara moja, watu wakajitolea mikono yao. Jaribio la karibuni, lililofanyika Mbeya, Dar es Salaam, Masaka kule Uganda na Durban, Afrika Kusini, lilisimamisha uchanjaji mwaka 2023 baada ya kuonekana kwamba chanjo zile hazikuwa na matumaini ya kuzuia maambukizo. Sisemi hivi ili mkate tamaa. Wapo watu wachache ambao baada ya miaka kadhaa miili yao huchonga kingamwili za ajabu zinazoshika VVU vya sura nyingi, na wataalamu wanazichunguza hizo. Lakini hadi leo chanjo ya VVU haijapatikana, na anayekuuzia moja sokoni anakuibia.

Liko jambo la siku za mwanzo ambalo linawaponza vijana. Mtu akiambukizwa leo, kesho nyayo hazijaonekana. Katika utafiti mwingine, ambao Mbeya ilishiriki pamoja na Kericho, Kampala na Thailand, watu zaidi ya 2,000 walichomwa kidole mara mbili kwa wiki ili waambukizwao wagunduliwe mapema sana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Virusi vilifika kilele cha wingi katika damu baada ya wiki mbili hivi tangu vionekane mara ya kwanza, na kingamwili zilianza kuonekana karibu wakati huo huo. Hesabuni wenyewe. Wakati mtu ana virusi vingi kuliko wakati wowote, kipimo cha kingamwili kinaweza kusema hana. Kwa vipimo vya kawaida kipindi hicho huchukua wiki tatu hadi miezi mitatu. Kwa hiyo kijana anayekwenda kupima siku nne baada ya kulala na mtu asiyemjua, akapata jibu zuri, akamwonyesha mchumba karatasi, hajaonyesha kitu. Arudi tena baada ya miezi mitatu, na katikati ajizuie au atumie kondomu.

Habari ya dawa sitairefusha, maana kliniki wanaieleza vizuri. Dawa za kufubaza VVU zimetolewa bure nchini tangu mwaka 2004, na tangu mwaka 2016 kila anayekutwa na VVU anaanzishiwa bila kungoja CD4 zishuke. Dawa haimuui kirusi aliyelala. Inamnyang'anya kalamu asinakili. Wapiga filimbi wanapata nafasi ya kuzaliana, hesabu inapanda. Aliyeanza mapema hupanda vizuri, aliyechelewa mpaka kubebwa huenda asifike tena pale alipokuwa. Ukiacha dawa, aliyelala anaamka katika wiki chache na kuchukua kalamu. Mwaka 2011 watu wetu wengi walipanda magari kwenda Loliondo kunywa kikombe. Simcheki mtu, mgonjwa hutafuta. Lakini wapo waliorudi wakatupa vidonge wakijiona wazima, na hatukukaa nao muda mrefu.

Na yule ambaye dawa zimepunguza virusi vyake hadi kipimo cha wingi wa virusi hakivioni, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Hilo limethibitishwa. Yule mpasua mbao na mkewe wote wawili wako katika hali hiyo sasa.

Nilipofika hapo nilitoa nafasi ya maswali. Nimeyaandika mawili kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwapo.

Mzee mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, shikamoo siwezi kukupa, lakini swali ninalo. Jirani yangu anameza dawa. Mwanawe amemletea kutoka mjini kile kipimo cha kujipima kwa mate. Kikasema hana. Sasa anataka kuacha."

Nilimjibu, marahaba naiacha kwako, mzee wangu. Kipimo cha mate kinatafuta kingamwili, tena za mdomoni, ambazo ni chache kuliko za kwenye damu. Dawa zikiwa zimefubaza virusi muda mrefu, mwili hauchongi funguo nyingi kama zamani, kwa hiyo nyayo zinafifia na kipimo kinaweza kuzikosa. Mwizi yumo ndani amelala. Kipimo kile hakikutengenezwa kwa mtu aliye kwenye dawa. Mwambie jirani asiache hata siku moja, na aende kliniki aombe kipimo cha wingi wa virusi.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja aliyekuwa amembeba mjukuu mgongoni muda wote. Alisubiri wengine watoke, akaja mezani kwangu. Mama wa mtoto, bintiye, alifariki mtoto akiwa na miezi mitatu. Mtoto ana miezi tisa. Bibi alisema kwamba aliwahi kumpeleka mahali fulani akachomwa kidole, akaambiwa damu ina kingamwili, na kutoka siku hiyo anangoja tu.

Nilimwomba akae. Nikamweleza kwamba mtoto akiwa tumboni mama humgawia kingamwili zake, za surua, za pepopunda, na kama mama ana VVU, za VVU pia. Ndiyo akiba yake ya kuanzia maisha, na zile za VVU huweza kubaki katika damu ya mtoto hadi miezi 18. Kwa hiyo nyayo walizoziona huenda ni za mama, siyo za mtoto. Kwa mtoto wa umri huu hakipimwi kingamwili, hutafutwa kirusi chenyewe. Huchukuliwa matone machache ya damu, hukaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara kubwa. Kipimo hicho angepaswa kukipata tangu wiki ya nne hadi ya sita. Hakijachelewa kufanyika sasa, ila kisichelewe tena, maana mtoto mwenye VVU asiyepata dawa huzidiwa upesi sana, na mwenye dawa hukua. Pia wapo watoto wengi wa mama wenye VVU ambao hawana VVU.

Bibi aliniuliza mara mbili: "Kwa hiyo yaweza kuwa za mama yake?" Nikamwambia, yaweza. Hatujui bado, ndiyo maana twende.

Mganga wa zahanati amesema anachukua damu za watoto Alhamisi. Bibi anatoka ng'ambo ya mto, na daraja la miti lilisombwa na mvua, kwa hiyo mwenyekiti wa darasa atamfuata kwa pikipiki kwa njia ya juu.